Uzi: Waigizaji wetu na lafudhi za kubandika. Yule Mmasai wa kwenye filamu ni wa wilaya gani?

Mtoto wa Tabata:

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana umeme ulirudi saa mbili usiku, nikakaa na familia kuangalia filamu ya Kibongo. Jina naliweka kapuni nisije nikaambiwa nina bifu na mtu. Kuna mlinzi wa getini, Mmasai. Shuka nyekundu anayo, rungu analo, katambuga za tairi kavaa. Bosi anapiga honi, jamaa anafungua geti na kusema: "Karipu sana yeyo, mimi nafunguaka geti haraka haraka."

Bosi ni mwanaume. Ana ndevu.

Mimi si Mmasai, ila nimehangaika Kiteto miaka mitatu nikinunua mahindi, na kitu cha kwanza nilichojifunza kule ni salamu. Yeyo ni mama. Unamwita hivyo mama yako, au mwanamke aliyelingana naye. Mzee wa ndevu humwiti hivyo hata akiwa anakulipa mshahara. Na usiseme jamaa aliteleza ulimi, alirudia mara saba. Nilihesabu, mke wangu shahidi.

Lakini si hilo lililonitoa usingizini. Ni kwamba yule Mmasai nilishamsikia. Sauti ile ile, "nafunguaka", "nalalaka", nimeisikia kwenye vichekesho vya televisheni, kwenye matangazo ya redio, kwenye klipu za WhatsApp. Waigizaji watano, Mmasai mmoja. Nahisi zamani mtu fulani alimsikiliza Mmasai kidogo akamwiga, waliobaki wote wakamwiga yeye. Ukienda kwa fundi wa funguo pale Kariakoo na ufunguo uliochongwa kutoka kwenye ufunguo mwingine uliochongwa, ukifika wa tano unazunguka tu kwenye kitasa, mlango haufunguki.

Na Wamasai wana nafuu. Mchaga wa filamu lazima awe na duka na aseme "mae!" kila akiguswa. Mpemba hamalizi sentensi bila "yakhe". Mkurya ni "mura" na panga. Wote hao ukifumba macho ukawasikiliza, unamsikia kijana wa Sinza aliyebanwa na mafua.

Tunakwama wapi? Naomba kuwasilisha.

Kigoda Cha Mbele:

Nimewahi siti. Ngoja waje wenye makabila yao.

Ng'wana Shinyanga:

Nimekuja mkuu, na nimekuja na hasira zangu.

Kuna tamthilia moja mhusika Msukuma anaingia nyumbani kwa wakwe usiku, taa zimewashwa, watu wanakula wali, anasema "Mwangaluka!" Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Umelalaje, umeamkaje. Unaingia nayo saa tatu usiku? Na hao wakwe wa kwenye tamthilia wanaitikia vizuri tu, hakuna aliyeshtuka. Familia nzima ya Wasukuma haijui kumekucha au kumekuchwa.

Filamu za Nje Tu:

Msijione wa peke yenu, huu ugonjwa ni wa dunia. Dick Van Dyke ni Mmarekani, mwaka 1964 akacheza Mary Poppins kama mtu wa mtaani wa London. Waingereza hawajamsamehe hadi leo. Mwaka 2017 walipompa tuzo ya heshima kule Los Angeles, mzee wa miaka zaidi ya 90, akaitumia nafasi hiyo kuwaomba radhi kwa ile lafudhi. Na mwalimu aliyepewa kazi ya kumfundisha hakuwa hata mtu wa London, kazaliwa Lancashire kaskazini huko.

Sean Connery je? Mskoti yule kila alikopelekwa alikwenda na Uskoti wake. Highlander ya 1986 anacheza mtu wa Misri aliyetokea Hispania, anaongea Kiskoti. The Hunt for Red October ya 1990 ni nahodha wa nyambizi ya Kisovieti, Kiskoti. The Untouchables ya 1987 ni polisi mwenye asili ya Ireland, Kiskoti tena, na hapo ndipo akapewa Oscar yake. Jarida la filamu la Empire likaja kumweka namba moja kwa lafudhi mbovu kwa filamu hiyo hiyo.

Kevin Costner kama Robin Hood mwaka 1991, Mwingereza wa karne za kale, lafudhi inakuja na kuondoka kama umeme wa kwetu. Keanu Reeves kwenye Dracula ya 1992 mimi nilimwonea huruma.

Mtoto wa Tabata:

@Filamu za Nje Tu umeongea ukweli, ila sema na mimi ukweli: ulipoiangalia Robin Hood mara ya kwanza ulijua?

Filamu za Nje Tu:

Sikujua. Nilikuwa nasoma maandishi chini.

Mtoto wa Tabata:

Basi ndiyo hapo. Kwetu wote wale ni "wazungu wanaongea kwa pua". Mlondoni na Mmarekani mpaka mtu akwambie. Maana yake na yule mtu wa Masaki anayeangalia Mmasai wa "nafunguaka" naye haoni kasoro, anaona Mmasai kamili kabisa. Filamu haikutengenezwa kwa ajili ya Mmasai.

Mzee wa Kibanda:

Vijana, sisi tulikuwa na dawa ya huo ugonjwa na mkaicheka.

Kwenye vibanda umiza vya Manzese kwa mia mbili yako unaingia, benchi, joto, feni moja inaelekea kwa mwenye kibanda. Filamu zilikuwa na mtu anayetafsiri juu yake. Marehemu Lufufu ndiye aliyekuwa mfalme wao. Alikuwa mtu mmoja, sauti zote zake: adui, mpelelezi, mke wa mpelelezi, bibi kizee, na akipata nafasi anaongeza na yake mwenyewe kuhusu maisha. Schwarzenegger alikuwa anaongea kama konda wa Mbagala aliyedaiwa chenji. Hakuna aliyeuliza lafudhi! Kila mtu alijua huyo ni Lufufu anatusimulia.

Na mjue huyo Schwarzenegger filamu yake ya kwanza, Hercules in New York ya 1970, walimfuta sauti kabisa wakamwekea ya mtu mwingine kwa sababu ya Kiaustria chake. Kumbe hata yeye alianza maisha kwa kutafsiriwa.

Kigoda Cha Mbele:

Mzee umenikumbusha ile tamthilia ya Kichina, Doudou na mama wakwe zake, TBC mwaka 2011. Mama mkwe Mchina anamsema mkamwana kwa Kiswahili safi, na mama yangu mzazi anamwitikia pale sebuleni: "Mwambie!" Mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar mwaka 2013 akaitaja kwenye hotuba.

Hakuna aliyejaribu kuongea Kiswahili cha Kichina mle. Wangejaribu tungezima.

Ticha Mstaafu:

Naomba niingie kidogo, maana nimefundisha Tarime miaka 11 na Shinyanga miaka 6, na imla nimesahihisha mpaka wino mwekundu ukaniishia.

Waigizaji wanadhani lafudhi ni kubadilisha herufi. Haya, hata herufi zenyewe hawazijui. Kikurya hakina l. Mtoto wa darasa la pili Tarime nikisoma "baba alilala", anaandika "baba arirara", na kwake hakuna kosa, ndivyo alivyosikia. Kisukuma hakina r. Kule Shinyanga rafiki ni "lafiki" na karibu ni "kalibu". Sasa wiki iliyopita naangalia filamu, Mkurya mwenye panga anamtisha mtu: "Lafiki yangu, mura, nitakukata!" Nikacheka peke yangu. Mmempa Mkurya ugonjwa wa Msukuma, halafu mmemwachia "mura" mdomoni kama kitambulisho.

Hiyo ni herufi. Jambo kubwa zaidi ni mdundo. Kiswahili kina mkazo unaotua silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, mwa-LI-mu, karibu kila neno, kama mtu anayepiga hatua. Kikurya na Kisukuma ni lugha za toni, sauti inapanda na kushuka humo ndani ya neno. Mtu aliyekulia huko akiongea Kiswahili, hata kama r na l zake zimenyooka kabisa, ule wimbo unabaki. Nilikuwa na mkuu wa shule, msomi, herufi zote sahihi, lakini akisema "njoo ofisini" ukiwa nje ya ukuta unajua huyu kazaliwa ng'ambo ya Mto Mara.

Muigizaji wetu anafanya kinyume. Herufi anazivuruga, mdundo anauacha wa Magomeni.

Mtoto wa Tabata:

Ticha, heshima kwako. Hiyo "mdundo wa Magomeni" naiweka kwenye sahihi yangu.

Dereva wa Tunduma:

Mkongo mmemsahau. Mimi napeleka mzigo Lubumbashi, nalala huko hata wiki mbili nikisubiri kushusha. Wanaongea Kiswahili, chao, wanasema "banakuja" siyo "wanakuja", na ukikaa siku tatu sikio linazoea. Kilingala ni cha Kinshasa huko mbali. Mkongo wa filamu za Dar anaanza sentensi Lubumbashi anamalizia Kinshasa, katikati anapitia kwenye ukumbi wa dansi Kinondoni kuchukua "papaa".

Mura Halisi:

Ticha amenigusa pabaya, inabidi niseme.

Mimi ni Mkurya, nimezaliwa Sirari, Dar nimeingia nikiwa na miaka 19. Mwaka fulani rafiki akanivuta kwenye usaili wa tamthilia, walikuwa wanatafuta mtu wa kucheza kijana wa Kikurya aliyekuja mjini. Nikajisemea hii imeandikwa jina langu. Tulikuwa kwenye ua wa nyumba moja, viti vya plastiki, tumepanga foleni kama zahanati. Walioko mbele yangu nilikuwa nawasikia wanajiandaa, "mura, mura, mura", mmoja ni mtu wa Lindi kabisa, tulisalimiana.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma sini kama ninavyoongea. Baba amekufa, kijana anapigiwa simu. Nilisoma polepole, maana nyumbani kwetu habari ya msiba haipigiwi kelele. Nikamaliza. Mwongozaji akamtazama mwenzake, akaniambia, "Uko vizuri, ila ongeza Ukurya kidogo."

Nikamwambia bosi mimi ni Mkurya.

Akasema, "Najua, lakini hausikiki. Mtazamaji hatajua."

Nikarudia, nikaweka ukali. Hapana. Nikarudia nikapiga meza. Akasema tunakaribia. Mara ya nne nikafanya kama wale wa kwenye vichekesho, nikatoa macho, nikasema "mura" mara nne kwenye sentensi ya msiba wa baba. Wakapiga makofi.

Nafasi akapewa yule wa Lindi. Walisema mimi nililazimisha.

Kigoda Cha Mbele:

😂😂😂 Mura pole. Sina la kuongeza. Walisema ULILAZIMISHA.

Ng'wana Shinyanga:

Hii imenichekesha halafu ikanikata. Kushindwa kuwa kabila lako.

Fundi Bumu:

Nimeshika bumu, ile maiki ya fimbo ndefu, kwenye tamthilia kadhaa hapa mjini, ngoja niwape ya jikoni, bila majina.

Skripti ikija imeandikwa hivi: "MLINZI (Mmasai): anaongea Kimasai-Kimasai." Basi. Maneno yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, muigizaji ndiye apike. Anakuja asubuhi, anapewa karatasi kwenye gari, saa nne anasimama mbele ya kamera. Amsikilize Mmasai gani na saa ngapi? Anachota kilichopo kichwani, na kilichopo kichwani ni vichekesho alivyokua navyo.

Tena kuna jambo mimi nalisikia kwenye hedifoni wengine hawalisikii. Lafudhi ya kubandika inakaa mpaka mtu apandwe na hisia. Sini ya kawaida, Mpemba vizuri, yakhe zake zimepangwa. Ikifika sini ya kugombana na mke, anapandisha, pumzi inaisha, Pemba yote inadondoka, anaongea Kitemeke kitupu. Na mwongozaji anafurahi kwa sababu machozi yametoka! Ndiyo teki inayopita. Ukiangalia tena utaona: Wapemba wa filamu zetu wakikasirika wanavuka bahari.

Aliyeniacha mdomo wazi ni marehemu King Majuto. Sikuwahi kufanya naye kazi, naongea kama mtazamaji. Mpe ubosi, mpe uganga, mpe ubaba mkwe, mzee alikuwa mtu wa Tanga mle mle. Hakujaribu kuwa wa kwingine, na hukuwahi kujiuliza huyu bosi wa Dar mbona anaongea Kitanga. Connery wetu yule.

Binti Makadara:

Hodi watani. Nawasoma kutoka Mombasa.

Mwajilaumu bure, na huku kwetu mambo ni yayo. Kwenye vipindi vya Nairobi, Mtanzania ni mtu asemaye "jamaniii" akiburuta, "naomba unisaidie tafadhali" hata akiomba chumvi, na mwendo wa pole kana kwamba Tanzania hamna haraka. Mtu wa Mombasa naye ni wa kukaa barazani tu na kula mahamri.

Ila nikupeni kisa. Shangazi yangu aliolewa Dar, Temeke. Siku za mwanzo amwita kijana wa jirani, "Ndoo hapa, mwanangu." Kwetu ndoo ni kuja, nyie mwasema njoo. Kijana akatoka mbio, akarudi na ndoo. Shangazi akamwambia, "La, ndoo wewe!" Kijana akaenda kuleta ya pili. Ikawa amesimama mlangoni na ndoo mbili, na machozi yamlengalenga hajui ameudhi nini.

Hilo muigizaji wa Dar hawezi kulibuni. Ataweka "yakhe", ambayo mimi tangu nizaliwe sijaisema. Wala hataweza paa la nyumba na paa mnyama, maana kwetu mdomoni si moja: la mnyama lina pumzi, weka mkono mbele ya mdomo utaisikia. La nyumba halina.

Ticha Mstaafu:

Nimeweka mkono mdomoni hapa, mke wangu anauliza naumwa jino gani.

Kigoda Cha Mbele:

Ndoo mbili! Binti karibu sana, au niseme ndoo sana.

Sasa mtu anisaidie: Black Panther. Ile tuliisifu au tulidanganywa?

Filamu za Nje Tu:

Inategemea unaiuliza kama nani. Wakanda, nchi ya kwenye filamu ile, wameiweka huku Afrika Mashariki, lakini lugha wanayoongea ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Ilianzia kwenye Captain America: Civil War ya 2016, John Kani, ambaye ni Mxhosa, alicheza baba mfalme na akaleta lugha yake. Baada ya hapo wengine wote ikabidi wajifunze. Marehemu Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme mwenyewe, akakataa katakata mfalme wa Afrika kuongea Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani. Hilo namvulia kofia. Ila Winston Duke, M'Baku yule wa milimani, ni mtu wa Tobago na akachukua lafudhi ya Waigbo wa Nigeria. Kwa hiyo nchi moja ndogo ya kubuni: ikulu Kixhosa, mlimani Kiigbo, na ramani inasema ni majirani zetu.

Aliyekwenda darasani kweli ni Forest Whitaker. Kwa The Last King of Scotland ya 2006 alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili, akakaa na watu waliomjua Idi Amin. Mwaka uliofuata akachukua Oscar. Ukimsikiliza, si kwamba anaiga sauti ya Amin tu, ananyamaza kama mtu wa huku, halafu ndipo anacheka.

Na kuna njia ya tatu, ya Robert Redford. Out of Africa ya 1985, Meryl Streep kajipinda na Kidenishi chake mwanzo mwisho, Redford anacheza Mwingereza na anaongea Kimarekani chake bila wasiwasi. Mwongozaji aliridhia. Watu wakalia vile vile.

Mura Halisi:

Basi mimi ningekuwa Redford. Tatizo hawakuniruhusu.

Binti Makadara:

Mtoto wa Tabata, nikuulize. Uzi wote huu, yule Mmasai mwenyewe amewahi kuulizwa?

Mtoto wa Tabata:

Swali zuri, na nina aibu kidogo. Bado. Ila mlinzi wa ghala tunaloshushia mahindi pale Tandale ni Mmasai wa Kiteto kabisa. Kesho asubuhi nampelekea klipu. Mods msifunge uzi.

Kigoda Cha Mbele:

Sibanduki hapa.

Mtoto wa Tabata:

Nimerudi wakuu. Sijui nianzie wapi.

Nimefika saa tatu, nikamwonyesha kwenye simu. Akaangalia mpaka mwisho bila kucheka. Akaomba nirudishe mwanzo. Akaangalia tena. Akaniuliza, "Huyu ni Mgogo?" Nikamwambia hapana, hapo ni Mmasai. Akaishika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na jicho, akasema, "Shuka ni yetu."

Ilipofika kwenye "yeyo" na yule bosi mwenye ndevu, hapo akacheka mpaka akaegemea gunia. Akamwita mwenzake anayesuka nywele chini ya mwarobaini, akaja na kitana mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa. Wakaongea Kimaa hapo kwa kasi, wakacheka tena.

Halafu yule mlinzi akasimama, akaweka rungu begani, akasema, "Karipu sana yeyo, mimi nafunguaka geti haraka haraka." Wakuu, ni ile ile. Sauti ile ile ya kwenye filamu, na bora zaidi. Wapakiaji wote wakaangua kicheko. Nikamuuliza umeijulia wapi haraka hivyo?

Akaniambia hajaijua leo. Kabla ya ulinzi alikuwa anauza dawa za miti Kariakoo, na wateja wa Dar akiwaongelesha kawaida walikuwa wanamuuliza kama yeye ni Mmasai kweli. Akaanza kuwaongelea hivyo. Dawa zikawa zinatoka.

Nikamuuliza alianza lini. Akasema zamani, kabla simu hazijawa na picha. Na akakumbuka kwamba wakati ule kuna vijana walikuwa wanakuja pale na kikamera, wananunua dawa ya tumbo, wanamwomba aongee.